Pikipiki ya spoti ya mtumba kutoka kwa mtu binafsi: chunguza pale ambapo plastiki haifiki

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi mdogo wangu kanipigia simu akiwa amesimama mbele ya pikipiki ya spoti, cc 600, silinda nne, pesa iko mfukoni. Ananiuliza, "Kaka, niangalie nini?" Nikamwambia funga koti urudi nyumbani, kesho tutaenda wote. Swali hilo haliulizwi ukiwa umeshaipenda. Nimeona niandike hapa yote niliyomwambia, maana najua wapo wengine wamesimama pale pale aliposimama yeye.

Ya kwangu ya kwanza nilinunua kwa macho. Ilikuwa inang'aa, makava mapya, stika zimenyooka, tangi kama kioo. Nilipofika nilikuta inanguruma tayari, muuzaji kaiwasha "ili nisisubiri". Wiki ya pili gia namba mbili ikaanza kuchomoka kila nikivuta mafuta. Nikaipeleka kwa fundi, akavua makava, akaniita nisogee karibu. Mabano yanayoshika taa na dashibodi yalikuwa yamevunjika na kuunganishwa kwa gundi na vibanio vya plastiki. Kwenye shingo ya fremu, kile kinundu cha chuma kinachozuia usukani usizunguke kupita kiasi kilikuwa kimepondeka upande wa kushoto, kimebaki nusu. Pikipiki ilikuwa imelala vibaya mno siku moja, na mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa gia ile ilibidi injini ishushwe na kupasuliwa katikati, kwa sababu kwenye injini nyingi za aina hii sanduku la gia limo humo humo, huwezi kulifikia kwa kufungua kava la pembeni.

Niliyojifunza ni haya: pikipiki ya spoti imevaa nguo. Pikipiki ya kawaida ikianguka, majeraha unayaona. Hii inavuliwa nguo zilizochanika na kuvishwa nyingine, seti nzima ya makava inanunuliwa na kufungwa kwa siku moja. Kwa hiyo uzuri wa makava usiuhesabu popote. Peleka macho pale ambapo nguo hazifiki.

Anza na hicho kinundu. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, chuchumaa na tochi uangalie chini ya shingo. Kikiwa kizima, utaona rangi imesuguka kidogo tu pale kinapogusa. Kikiwa kimebonyea, kimemeguka au kimechomelewa, gurudumu la mbele lilishawahi kupigwa kwa nguvu ya kutisha. Mimi hapo naaga kwa heshima na kuondoka, hata bei ikiwa nzuri vipi.

Halafu fuata ncha. Pikipiki ikilala, ncha ndizo zinazogusa lami kwanza: mwisho wa usukani, kichwa cha leva ya klachi na ya breki, ncha za vikanyagio, kava la injini pembeni, tumbo la ekzosi. Leva moja mpya na nyingine iliyochakaa, muulize kwa nini. Angalia na tangi upande wa juu karibu na usukani, kuna wakati mpini unalipiga tangi na kuacha bonyeo dogo. Chungulia ndani ya makava kwa tochi: masikio ya kufungia yamekatika? Bolti zinafanana, au kila moja imetoka kwake? Ukiona bolti vichwa vyake vimelika, ujue imepita kwenye mikono ya mtu asiye na spana sahihi. Na huko ndani alikogusa hukuoni.

Sasa injini. Mwambie muuzaji kabisa kwenye simu: naomba nikute haijawashwa. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, sogeza kiganja kwenye mabomba ya ekzosi mbele ya injini. Usiyakamate, sogeza tu, joto utalisikia. Kama yana moto, kuna kitu alitaka kimalizike kabla hujafika: kuwaka kwa shida, moshi, kelele. Kaa hapo mpaka ipoe au rudi kesho.

Ikiwa baridi, weka swichi kwanza bila kuwasha. Taa za tahadhari zote ziwake: ya oili, ya injini, ya ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) kama ipo. Taa ya injini ikiwaka halafu ikazima yenyewe, safi. Ile isiyowaka kabisa naiogopa kuliko ile inayogoma kuzima, maana huenda kuna mtu ameinyamazisha kwa makusudi. Ya ABS yenyewe huzima ukishaanza kutembea. Bonyeza selfu, sikiliza. Kelele ya mnyororo wa ndani ya injini kwa sekunde chache kabla oili haijapanda, kwa baadhi ya aina ni kawaida. Ikiendelea kugonga dakika nzima, kikaza mnyororo kimechoka. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokata hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanaingia kusikotakiwa. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe.

Nitaendelea, ngoja nipumzishe mkono.

#2 Mchangiaji

Mkuu hapo kwenye gia, kwa nini kila anayelalamika anataja namba mbili? Mbona husikii ya tatu au ya nne?

#3 Mchangiaji (fundi)

Nijibu hilo kwa sababu nazifungua. Kati ya moja na mbili kuna frii. Mguu unasafiri mrefu kuliko gia nyingine zote, na hapo ndipo watu wanapoharakia: ametoka taa zikiwa kijani, mafuta yote wazi, anainua mguu nusu nusu bila klachi. Zile gia zinashikana kwa vinundu vya pembeni vyenye kona kali. Kila zikigongana bila kushikana sawasawa, kona zinalika na kuwa mviringo. Zikishakuwa mviringo, ukivuta mafuta zinasukumana na kuachana. Ongeza na wale wanaonyanyua gurudumu la mbele barabarani, mchezo huo wanaufanya zaidi na gia moja na mbili.

Namna ya kuijaribu: injini ipate moto kwanza. Barabara nyoofu, isiyo na watu. Ingiza mbili, shuka mpaka mizunguko kama 4,000 kwa dakika, fungua mafuta yote mpaka ipande juu, funga, fungua tena. Rudia mara mbili tatu. Ikiwa mbovu itaruka, mshale wa mizunguko unapaa ghafla na pikipiki inalegea chini yako. Kwa hiyo shika usukani vizuri. Ukiendesha taratibu kuzunguka nyumba huwezi kuigundua hata siku moja.

Na klachi ijaribiwe hapo hapo. Ingiza tano au sita, mizunguko ya katikati, fungua mafuta ghafla. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza.

#4 Mleta uzi

Shukrani mkuu, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Naendelea na mbele. Hao wanaonyanyua gurudumu, kila likitua beringi za shingo na shokapu za mbele ndizo zinazopokea. Mtu akusaidie kuinua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Uteleze kama uko kwenye mafuta. Ukisikia unanasa kidogo pale katikati, ukiwa umenyooka, beringi zimechimbika. Halafu shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma, pasiwe na kuchezacheza.

Pitisha kidole kwenye nguzo zinazong'aa za shokapu. Kikirudi na mafuta, sili (mipira inayozuia mafuta yasitoke) zimekwisha. Ukihisi vitundu vya kutu pale sili inapopita, sili mpya itakatwa na vitundu hivyo hivyo baada ya muda mfupi.

Mnyororo: nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, vuta mnyororo kuelekea nyuma. Mnyororo ukinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, huo umekwisha. Meno yakiinama upande mmoja kama pezi la papa, ndiyo hivyo hivyo, na vinabadilishwa pamoja, mnyororo na sproketi zote mbili. Zungusha gurudumu taratibu uone kama kuna mahali mnyororo unakaza na mahali unalegea.

Diski za breki zimeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, tafuta maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Ukipitisha kucha kutoka ndani kwenda ukingoni ukakuta ngazi, pima. Wakati wa kujaribu, leva ikipigapiga kidole chako unapofunga breki, diski imepinda.

Kuna alama moja watu hawaijui. Angalia bolti ya kumwagia oili na kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta vimetobolewa kitundu chembamba, pikipiki hiyo ilishakimbia kwenye kiwanja cha mashindano. Huko bolti zinafungwa kwa waya zisilegee na kumwaga oili njiani, na waya unapita kwenye vitundu hivyo. Makava mapya yakirudishwa, vitundu vinabaki.

#5 Mchangiaji

Hapo nakupinga kidogo mkuu. Mimi nimenunua iliyotoka kiwanjani na ni nzima kuliko zote nilizowahi kumiliki. Watu wa kiwanjani wanabadilisha oili kila baada ya siku chache za kukimbia, wanapasha injini moto kabla ya kuivuta, wanajua wanachokifanya. Wa mtaani anaweza kumaliza mwaka mzima hajagusa hata kipimo cha oili.

#6 Mleta uzi

Nakubaliana na wewe kabisa, na sikusema ikimbiwe. Mwenye nayo akikwambia mapema "hii ilikuwa ya kiwanjani, haya ndiyo niliyofanya", huyo mimi namwamini kuliko mwenye kusema "alikuwa anaendesha mzee kwenda kazini". Ninachokataa ni kuvikuta vitundu vya waya mwenyewe halafu muuzaji ananiangalia machoni ananiambia haijawahi. Kama kadanganya kwenye hilo, na mengine yote aliyosema yanaanguka.

Hapo hapo tuzungumzie kilomita, maana watu wanazisoma vibaya. Mita inaweza kubadilishwa pamoja na dashibodi nzima. Linganisha na vitu vinavyochakaa kwa mkono na mguu: mpira wa mshikio, meno ya vikanyagio, kiti, unene wa diski. Mita inasema kilomita 9,000 na vikanyagio vimelika mpaka vimekuwa laini? Haiwezekani.

Na kilomita chache za kweli nazo zina ubaya wake. Pikipiki iliyokaa miaka minne imefunikwa turubai inachakaa ikiwa imesimama. Fungua tangi, piga tochi ndani, tafuta kutu. Nusa petroli, iliyooza ina harufu ya rangi ya zamani. Maji ya breki yakiwa yamekuwa ya kahawia kama chai, hayajabadilishwa siku nyingi, na kawaida yake ni kila miaka miwili. Tairi zina tarehe: pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata zote na mpira wake umeshakauka, kwenye kona haishiki. Angalia pia katikati kama imekuwa bapa, na kama kuna kiraka cha kuziba tundu.

Uliza kuhusu kupimwa kwa valvu. Kwenye spoti nyingi za Kijapani kazi hiyo inafika kati ya kilomita 24,000 na 42,000 kutegemea aina, na ni kazi ndefu, inavuliwa vitu vingi kabla ya kuzifikia. Kuna watu wanauza pikipiki hasa kwa sababu siku hiyo imekaribia. Kama unaangalia Ducati zile ambazo valvu zake zinaendeshwa kwa mikanda, hiyo mikanda ina umri, inabadilishwa kwa miaka pia hata kama pikipiki haijatembea. Ikikatika, pistoni na valvu zinakutana.

#7 Mchangiaji

Samahani wakuu, naomba kuuliza. Mimi ni dada, naendesha mwaka wa pili sasa, nimepata moja naipenda. Muuzaji amekataa nisiijaribu, anasema nikianguka nayo itakuwaje. Ana haki? Na nikiwa sijui kuivuta kama alivyosema fundi, nitaijaribuje?

#8 Mleta uzi

Dada yangu, hofu yake ina msingi, kuna watu wameazimwa kujaribu na hawakurudi. Suluhisho lake ni pesa. Bei yote aishike mkononi mbele ya shahidi, mkiwa mmeandikiana karatasi kwamba ikianguka imenunuliwa. Na bima iwe inakuhusu wewe unayeendesha, hilo lihakikishwe kabla hujapanda. Akikataa hata hivyo, usinunue. Pikipiki ya spoti isiyojaribiwa ina bei ya pikipiki yenye gia mbovu.

La pili, hulazimiki kuivuta wewe. Mchukue mtu mzoefu unayemwamini aijaribu, na wewe panda usafiri mwingine ufuate nyuma yake. Utaona kitu ambacho aliyeko juu hawezi kukiona: kama gurudumu la nyuma linafuata mstari wa la mbele, au pikipiki inakwenda ubavu ubavu kama kaa. Ikikwenda hivyo ukiwa kwenye barabara tambarare, inaweza kuwa mnyororo umekazwa upande mmoja, na inaweza kuwa fremu. Alama za kukazia mnyororo pande zote mbili zikiwa sawa na bado inakwenda ubavu, iache.

Usiruhusu ukubwa wa injini ukuharakishe pia. Mwaka wa pili kwenye cc 600 ya silinda nne unahitaji subira. Nakuambia kama ningemwambia dada yangu wa kuzaliwa.

#9 Mchangiaji (fundi)

Naongezea umeme, mmeusahau. Nendeni na kipima volti, hakichukui nafasi mfukoni. Betri nzima ikiwa imepumzika inasoma karibu 12.6. Washa, pandisha mizunguko mpaka 5,000, pale kwenye betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na inaikaanga betri. Chaji ni ugonjwa wa spoti nyingi za silinda nne, regyuleta zinakaa mahali pa joto. Tafuta soketi yake uifungue, plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka, tatizo lipo hata kama leo inasoma vizuri.

Waya uliounganishwa kwa gamutepu chini ya kiti, fuata mpaka mwisho wake. Mara nyingi ni alamu iliyong'olewa au taa zilizoongezwa, na siku moja itakuzimikia katikati ya barabara.

#10 Mleta uzi

Kweli kabisa. La mwisho kwa upande wangu ni makaratasi, na hapa sina subira kabisa.

Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, namba ya injini iko kwenye mwili wa injini. Zisome kwa macho yako kutoka kwenye chuma, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi. Namba ya fremu ya siku hizi ina herufi na tarakimu 17. Pitisha kidole: chuma kikiwa kimesuguliwa na kupakwa rangi, au herufi zimekaa shagalabagala, ondoka na usibishane naye. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. "Ni ya rafiki yangu yuko safarini" ni sentensi ya kukufukuza hapo. Uliza mamlaka husika kama haidaiwi mkopo na haijaripotiwa kuibwa. Onaneni nyumbani kwake, ile nyumba anwani yake iko kwenye karatasi, msikutane kituo cha mafuta. Na hela ya kushikia bidhaa usiitume kwa kitu ambacho hujakiona.

Funguo zote zije. Yamaha nyingi za miaka ya 2000 zilitoka na funguo mbili nyeusi na moja nyekundu. Ile nyekundu kazi yake ni kuziandikisha nyingine kwenye mfumo wa kuzuia wizi. Watu wanaitupa kwenye droo wanaisahau, halafu mnunuzi akipoteza zile nyeusi anaambiwa abadilishe mfumo mzima wa kufuli.

#11 Mchangiaji

Kaka, ndiye mimi uliyenirudisha nyumbani. Naweka mrejesho na wengine wasome.

Ile ya kwanza tulipoirudia asubuhi, pamoja na kumwambia asiiwashe, mabomba yalikuwa ya moto. Anasema aliisogeza tu kutoka ndani. Nikachuchumaa, nikageuza usukani kulia. Kinundu kilikuwa na rangi mpya nyeusi, mbichi, wakati shingo nzima imepauka. Nikakikwaruza kwa ukucha, chini yake kuna mshono wa kuchomelea. Sikusema kitu, nikashukuru nikaondoka. Moyo uliniuma, siwezi kuficha, maana nilikuwa nimeshaiota.

Leo nimeona nyingine, ya zamani kwa miaka mitatu zaidi. Makava yana mikwaruzo upande wa kulia na mwenyewe kanionyesha kabla sijauliza, iliangukia getini akiwa anaigeuza. Kinundu kizima pande zote. Ana faili la risiti, valvu zimepimwa kwenye kilomita 38,000 na karatasi ipo. Imewaka ikiwa baridi kabisa, gia mbili imeshika mara zote tatu alipoijaribu rafiki yangu, volti 14.1. Kasoro niliyoikuta ni shokapu ya mbele kushoto, kidole kimerudi na mafuta. Amekubali kushusha bei. Je, nichukue?

#12 Mleta uzi

Chukua, mdogo wangu. Ila usiiendeshe mpaka sili zimebadilishwa, na zibadilishwe pande zote mbili pamoja na mafuta yake, upande mmoja ukiachwa utafuata. Kabla ya hapo mulika tochi kwenye breki ya kushoto uone mafuta yameshuka mpaka wapi. Kama yamegusa pedi, pedi hizo usizioshe, tupa, weka mpya na usafishe diski. Leo irudi nyumbani juu ya gari.